Kona Iliyonishinda kwa Gari la Baba

Nakiri mbele yenu, wasomaji. Mama alikuwa amesema kwamba nikishindwa kulimudu gari la marehemu baba, ataliuza. Kwa hiyo nikaanza kulifanyia mazoezi kwenye kiwanja cha mbio za magari za ridhaa, nje kidogo ya Miyuji.

Kila kona nilichelewa kukanyaga breki, nikaishia vumbini. Mimi, mwanafunzi wa uzamili, nikalaumu gari. Nilipunguza upepo wa matairi, nikabadilisha springi na pedi za breki, kisha nikawahutubia madereva wenzangu kuhusu mgawanyo wa uzito. Jumamosi, mama akitazama, niligonga ukuta wa matairi chakavu.

“Profesa, gari limekukataa tena?” dereva mmoja alitania, wote wakacheka.

Dada yangu Neema, tunayelingana naye kimo, akaingia garini ili aliondoe. Alinyoosha mguu, breki akaigusa kwa ncha ya kiatu tu.

“Kaka, siku zote unaendesha kiti kikiwa huku nyuma?”

“Ndipo baba alipokiacha,” nilijibu. “Sijathubutu kukisogeza.”

Kicheko kilikatika. Mama akavuta ncha ya kitenge chake, akafunika uso.