Mtandao wa Kasi na Injini ya Shangazi

Nilikuwa nasaga mawe ya dhahabu kule machimboni Osiri, na kila mapumziko nilijisomea mambo ya blokcheni kwenye simu. Shule niliishia darasa la nane, lakini ndoto zangu hazikuwa na habari.

Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa shangazi, anayeanika omena ufuoni Homa Bay. Nilimweleza kuwa sarafu za kidijitali hupita kwenye mitandao tofauti, na mimi naijua miwili. Mmoja ni wa polepole: kompyuta nyingi mno, hata za watu wa kawaida, kila moja ina nakala ya daftari la malipo yote na lazima ikague, kwa hiyo unangoja. Wa pili una kompyuta chache zenye nguvu, zinafanya kazi nyingi kwa pamoja. Nikatuma sarafu kidogo kupitia kila mtandao, kutoka simu yangu kwenda yake. Za mtandao wa kasi zilifika kabla hajamaliza kujifunga leso. Zile zingine zilikuta chai imepoa.

Shangazi hakushangaa sana. Aliniambia sanduku la akiba la chama chao lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa akina mama watatu.

"Mmoja akienda matanga, sote tunakaa kumngoja," alisema. "Hizo kompyuta zako chache zikikwama je?"

"Waya," nilimjibu, kama tunavyowaita mashangazi kwa Kijaluo, "hizo ni mashine. Haziendi matanga."

Tulicheka wote. Mimi nilicheka zaidi.

Miezi michache baadaye alipata injini ya mtumba inayouzwa, ya kufaa mashua yake. Kwa miaka mingi alikuwa anakodi, na mwenye injini anachukua sehemu nono ya samaki. Muuzaji alikuwa anahama, akasema atakayelipa kabla ya saa kumi jioni ndiye ataichukua. Mwana wa shangazi aliye ughaibuni akanipigia: atume sarafu za kulipia injini kwa mtandao upi, nizibadilishe ziwe shilingi? Yeye alipendelea ule wa polepole, ameuzoea. Ilikuwa saa nne asubuhi, muda tele. Nikamwambia, achana na mambo ya kizamani, bro.

Akatuma kwa ule wa kasi. Sarafu zikaingia kwangu salama, lakini nilipotaka kumpelekea mnunuzi wa sarafu anipe shilingi, mtandao wote ukasimama. Zile kompyuta hazikukubaliana, zikazimika mpaka jioni. Nilibonyeza simu hadi kidole kikauma. Saa kumi na dakika chache, watu wawili waliowahi kulipa walibeba injini wakapita mbele yetu.

Shangazi alinishika bega. "Nyathina, mwanangu, usijilaumu. Mitandao imezima, ungefanya nini?"

Alisema mitandao, yote. Mimi nilikuwa nimeshaangalia: ule wa polepole ulikuwa unafanya kazi tangu asubuhi, polepole, bila kusimama hata mara moja. Nikaitikia kwa kichwa. Bado anakodi injini, na bado sijamwambia.