Kiraka cha Shavuni

Hospitalini walimwita Ganzi, na jina hilo alilipata kwa wema. Wagonjwa ndio waliompa. Kazi yake ilikuwa kufunga vidonda, na mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mtu alikaa kwenye kiti chake, akafumba macho na kuuma meno akingoja maumivu, halafu akaambiwa ashuke, kazi imekwisha. Mzee mmoja aliwahi kugoma kuondoka akidai hajahudumiwa. Ilibidi aonyeshwe bandeji mpya mguuni mwake mwenyewe.

Mke wake alipofariki, jina likamkaa kwa namna nyingine. Mama wa watu aliugua muda mrefu, akapata vidonda vya kulala mgongoni, na Ganzi ndiye aliyevisafisha kila jioni baada ya kushinda akisafisha vya wenzake. Siku ya mazishi hakulia. Watu walisema amejikaza kiume. Hakujikaza hata kidogo. Alikitafuta kilio akakikosa, kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta ufunguo aliousahau kwingine. Tangu hapo alikula kwa kuwa chakula kipo mezani, akalala kwa kuwa taa zimezimwa. Dada yake mkubwa, aliyekuja kila Jumapili kumfulia na kumsema, alimwambia aoe tena kabla hajageuka fenicha. Ganzi akajibu kwamba fenicha angalau haisemwi. Huo ndio ulikuwa utani wake wa mwaka mzima.

Mwaka huo usubi walizidi. Usubi ni mdudu mdogo kuliko mbu na hasikiki akiruka, lakini mmoja mwenye maradhi akikuuma anakuachia vijidudu chini ya ngozi. Baada ya majuma kadhaa kinatokea kipele, kipele kinafunguka, kinakuwa kidonda cha duara chenye kingo zilizoinuka. Mara nyingi hakiumi. Ubaya wake uko hapo hapo, maana kisichouma hakipelekwi hospitali mpaka kimeshakula nyama. Tiba waliyokuwa nayo ni sindano za kuchomwa kukizunguka kidonda, na hizo ziliuma kwa niaba yake.

Ndipo daktari wa utafiti alipokuja na viraka vyake. Vilikuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga, uliotengenezwa kwa maganda ya kamba wa baharini, yakasagwa na kuyeyushwa, na dawa ikachanganywa humo humo. Ukiubandika juu ya kidonda unalainika na kushika, na dawa inashuka kidogo kidogo mpaka siku ya kubadilishwa. Ila yalikuwa majaribio. Nusu ya wagonjwa walipewa kiraka chenye dawa, nusu kiraka kitupu, na hakuna aliyejua nani kapata kipi, si mgonjwa wala Ganzi. Daktari aliwaeleza yote hayo wakakubali. Atakayeshindwa na kiraka angemaliziwa kwa sindano.

Mpishi wa shule alikuja na binti yake wa miaka tisa, wote wawili wagonjwa. Mama alikuwa na kidonda nyuma ya kiganja. Shule ilikuwa imemsimamisha kazi mpaka kifunge, kwa sababu hakuna mzazi aliyetaka mwanawe apakuliwe chakula na mkono ule. Binti alikuwa nacho shavuni, karibu kabisa na mdomo, na kila alipozungumza alikifunika kwa kiganja. Alimuuliza Ganzi, “Mjomba, kitanuka samaki?” Ganzi akamwambia kikinuka paka watamjulisha. Mtoto akacheka, kiganja kikashuka.

Kwa ajili ya kicheko hicho Ganzi alikipunguza kiraka cha mtoto kwa mkasi, kona zikawa za mviringo, zisije zikabanduka mdomo unapotanuka. Cha mama alikiacha na pembe zake nne. Hakuna aliyemwagiza.

Majuma machache baadaye kidonda cha mama kilianza kujikunja na kuota nyama mpya. Cha binti kilikuwa kile kile, pengine kimekauka kidogo pembeni, pengine hapana. Halafu siku moja Ganzi aliushika mkono wa mama ili aulowanishe kwa maji ya chumvi, akaona kiraka kilichobandikwa pale kina kona za mviringo. Akamtazama mtoto. Shavuni pake palikuwa na kiraka cha pembe nne, na pembe moja ilikuwa imeshabanduka.

Mama aliona kwamba ameonwa. Akamtuma binti akanywe maji.

“Kaka, changu ndicho chenye dawa,” alisema kwa sauti ya chini. “Si unaona mwenyewe kinavyofunga? Chake ni kitupu. Tukifika nyumbani tunabadilishana.”

Ganzi akamkumbusha kwamba hakuna anayejua kipi ni kipi.

“Mimi najua. Mkono nitauficha mfukoni. Yeye huo uso atauficha wapi?”

Na kazi ya jikoni je? Ganzi hakuuliza, naye mama hakuitaja, ingawa wote wawili walijua kwamba mkono ule ndio uliokuwa ukiwalisha.

Daktari alikuwa chumba cha pili akinywa chai, mlango wazi. Ganzi angeweza kwenda kumwambia. Angeweza hata kukaa na yule mama akamweleza jambo ambalo kila aliyefanya kazi chumba kile alilijua, kwamba vidonda vingine vya usubi hujifunga vyenyewe bila dawa yoyote. Alijipekua ndani akitafuta kitu cha kumwinua kitini, akakuta kimya. Si kwamba aliogopa, wala hakumhurumia mtu. Ilikuwa kama kuona dirisha liko wazi na mvua inaingia, na ukabaki umelala. Akakata kona za kiraka kipya cha mtoto, akabandika, akanawa mikono. Mama alimshika mkono kwa nguvu, akamwambia Mungu atamlipa kwa huruma yake. Ganzi aliitikia amina.

Mkono wa mama ukaendelea kupona. Shavu la binti likaendelea kuliwa, na mama akaendelea kubadilisha, akisema dawa inahitaji muda. Mwishowe daktari akaamua mtoto apigwe sindano. Ganzi ndiye aliyeitwa kumshika kichwa, kwa sababu ya mkono wake mwepesi. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Mama alikuwa nje kwenye benchi, vidole masikioni. Ganzi aliyaona machozi ya mtoto yakimlowesha vidole, akayafuta kwa shashi, akaitupa kwenye ndoo ya taka.

Majaribio yalipokwisha na orodha ya nani alipewa kipi ikafunguliwa, daktari aliwakusanya wafanyakazi akawashukuru. Viraka vilikuwa vimefanya kazi vizuri. Wengine walipotawanyika akambakiza Ganzi.

“Yule binti ananisumbua akili,” alisema. “Alikuwa na chenye dawa tangu siku ya kwanza. Mama yake ndiye aliyekuwa na kitupu, amejiponea tu, hutokea. Lakini mtoto, pale shavuni, ilikuwaje dawa isishike? Wewe ndiye uliyekuwa unambadilishia. Hukuona kitu?”

Ganzi alisema hakuona kitu. Daktari akatikisa kichwa, akaenda zake.

Wiki iliyofuata mama na binti walikuja kuangaliwa mara ya mwisho. Mama alikuwa amerudishwa jikoni na mkono wake ulikuwa safi. Shavuni kwa mtoto palikuwa na kovu lenye shimo, lililouvuta mdomo upande mmoja. Mama alingoja mtoto aende kupimwa uzito.

“Nambie ukweli, kaka. Changu ndicho kilichokuwa na dawa, sivyo? Maana nikilala nawaza, nisingembadilishia angekuwa hali gani leo.”

Ganzi aliangalia ule mkono.

“Ndiyo, dada. Kilikuwa chako.”

“Basi nilimpa nilichokuwa nacho.”

“Ulimpa.”

Mama akashusha pumzi, akajifuta macho kwa mkono uliopona, akamwita mwanawe waende. Mtoto alimpungia Ganzi mkono akimuaga. Alicheka kwa upande mmoja.

Aliyefuata kitini alikuwa msukuma mkokoteni mwenye kidonda sugu cha kifundo cha mguu, mtu ambaye kwa muda mrefu alifungwa kidonda huku akisimulia mpira bila kukatiza hata neno. Ganzi alilowanisha bandeji, akashika kibano, akaanza kubandua. Msukuma mkokoteni akavuta mguu ghafla. Mpira ukaishia hapo.

“Leo umeniumiza,” alisema, kwa mshangao zaidi kuliko maumivu.

Ganzi akaangalia kibano. Akakiweka chini. Akaomba radhi. Akaomba tena, na tena, mpaka msukuma mkokoteni akainama kumtazama usoni, akamuuliza taratibu ni nani aliyefariki.