Mgeni Asiye na Mdomo

Harufu ya mursik, maziwa ya kibuyu, ilinisimamisha sokoni leo. Nilipokuwa mdogo, dada yangu alitusomea, mimi na nyanya, jikoni hadithi aliyoandika kwenye daftari la hesabu. Katika hadithi hiyo, mgeni kutoka sayari nyingine, pamoja na roboti wake na mbwa, amekuja kumchumbia msichana wa kijijini kwetu, Moiben.

"Huyo mgeni amepewa maziwa?" nyanya akauliza.

"Gogo, hana mdomo," dada akamjibu nyanya.

"Basi hapati msichana. Asiyekunywa mursik yetu hapewi mke."

Nililia, maana nilitaka sana waoane. Dada hakubishana. Alifuta, akalamba penseli, akaandika upya mpaka mgeni akapata mdomo na kunywa.

"Sasa endelea," nyanya akasema.

Leo mama anayeuza mursik ameniuliza, "Wewe ni mgeni hapa?"

Nikaketi, nikamwambia anijazie kikombe.