Begi la Uzazi la Bibi Pudensiana

Watoto wengi wa mtaa wa Kawajense, pale Mpanda, kabla hawajazoea kitanda, walilala kwanza kwenye miguu ya Bibi Pudensiana. Anakaa mkekani, ananyoosha miguu mbele, anamlaza kichanga juu yake, halafu anachovya kiwiko kwenye beseni kupima maji. Hapo hata mtoto mwenye kelele za kung'oa bati ananyamaza. Ajabu ni kwamba wakikua hawamjui. Wanampita barabarani na mabegi yao ya shule. Yeye anakumbuka kila kitovu kilivyodondoka, wao wanaona bibi tu anayekwenda zake.

Kazi hiyo aliianza baada ya mume wake kufariki. Wazazi wapya wanamwita awaogeshee watoto, awakande kwa maji ya moto, awafundishe kunyonyesha. Arobaini ikiisha anakunja kanga yake, anaaga. Kelele zinabaki kule. Kwake kuna saa ya ukutani tu.

Mwaka huu alikuwa anasubiri zamu yake mwenyewe. Helena, binti yake wa pekee aliyeolewa Dodoma, alikuwa mjamzito. Begi lilikaa tayari mlangoni: unga wa ulezi, asali ya Inyonga kwa ajili ya mzazi, kanga kuukuu zilizolainika za kumfutia mtoto. Kilichobaki ni kuitwa. Alikokulia yeye, mama haendi kwenye uzazi wa binti yake mpaka ukweni wamwite. Ukijipeleka, ni kama umewaambia hawajui kulea. Kwa hiyo hata akipiga simu hakuuliza. Anasalimia, anasema mvua zimeanza, anakata.

Siku hizo alikuwa kwa Zakia, mke wa Yunusi mwenye duka la vitenge, kule Nsemulwa. Zakia hana mama, na mtoto wake wa kwanza, Sadalla, alikuwa anamtisha.

"Bibi, utosi wake mbona unadunda hivi? Hautapasuka?"

"Wa kwako ulipasuka? Lete sabuni." Bibi akamwinamia mtoto, akamtania kama bibi anavyomtania mjukuu wake. "Mume wangu, mama yako mwoga huyu. Tumwache, twende zetu."

Zakia alikuwa bado anacheka simu ya Bibi ilipoita. Mikono ya Bibi ilijaa povu, basi Zakia akaweka sauti ya nje, akaishika karibu naye.

"Shikamoo mama," ilikuwa sauti ya Helena. "Nimejifungua. Mvulana."

"Marahaba mwanangu! Lini? Leo?"

"Tangu mwezi uliopita. Jumapili arobaini inaisha, tunamtoa nje."

Mikono ya Bibi ikasimama mgongoni mwa mtoto. "Mbona hukuniita?"

"Nikuite?" Sauti ya Helena ikapanda. "Hukuuliza hata mara moja, mama. Kila ukipiga ni mvua, mvua. Watoto wa Mpanda nzima unawafuata, nikajua mimi wa tumboni mwako utanifuata tu. Hukuja, nikanuna."

"Mama haendi mpaka aitwe, Helena."

"Sasa mimi ningejuaje? Nimeshazaa mara ngapi?"

Wazazi wote wa mtaa alikuwa amewaeleza kila kitu, na hili hakuwahi kumweleza mwanawe.

"Nije sasa?"

"Mama mkwe yupo, na chumba ni kimoja. Labda mwezi wa kumi na mbili."

"Basi nisogezee nimsikie."

"Amelala. Nimwamshe?"

Alitamani aamshwe. Alitamani alie, hata mara moja tu. Lakini sheria ya usingizi wa kichanga ilikuwa yake mwenyewe, ameirudia kwenye vyumba vya watu mpaka imemchosha mdomo.

"Usimwamshe," akasema. "Kichanga haamshwi kwa ajili ya wageni."

Simu ikakatika. Zakia akaiweka chini. Povu lilikuwa linakauka kwenye vidole vya Bibi. Sadalla akapiga chafya.

"Niongezee ya moto," Bibi akasema. "Haya yamepoa."

Kesho yake alikuja na begi. Akatoa unga, akatoa asali, kanga akazipanga pembeni ya beseni.

"Bibi, hivi si vya safari?"

"Ulezi ukikaa sana unaingia wadudu. Bandika uji."

Akakaa mkekani, akanyoosha miguu, akapokea mtoto. Siku hiyo hakumwita mume wangu. Alimwita Sadalla.