Boga Nililolipeleka Nane Nane

Asubuhi ya Nane Nane nilitoka chumbani kwangu Tunduma na mswaki mdomoni, bila safari yoyote kichwani. Nilitaka kunawa, kunywa chai ya rangi na chapati mbili kwa mama anayepika pembeni ya yadi ya malori, halafu nione siku itanipeleka wapi. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule darasa la sita. Nimepakia mahindi, nimeosha malori, nimewatafutia madereva wa Zambia vyumba na nyama choma, na kila nilipofanya kazi nimeuliza maswali mpaka watu wakanichoka.

Nilikuwa sijamaliza chapati ya kwanza pale fuso moja iliyobeba saruji iliposimama. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Oya! Utingo wangu kalewa sikukuu kabla haijaanza. Isongole unapajua?"

"Sipajui."

"Basi panda ukapajue. Utanisaidia kushusha."

Nikapanda. Chapati ya pili niliimalizia ndani. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba njia ya Isongole ndiyo njia ya Ileje, na kwamba Ileje, katika kijiji kimoja cha Mbebe ambacho sijawahi kukikanyaga, mama yangu alikuwa ananisubiri. Nasema nilikumbuka, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa sijasahau. Siku mbili kabla dada alinipigia simu. Hakunisalimu. Alisema, "Mama kasema mwaka huu usipokuja, gunia lako linakunjwa," akakata.

Inabidi nieleze habari ya gunia.

Nilikulia Mbozi, kwenye kahawa na mahindi. Siku ya Nane Nane majirani wenye nauli walikwenda Mbeya kuangalia maonyesho ya wakulima: ng'ombe wakubwa, matrekta, viongozi. Sisi hatukuwahi kwenda. Baba alisema serikali ina maonyesho yake na sisi tuna ya kwetu. Basi asubuhi uwanja unafagiwa, na kila mtoto anatandika gunia lililopasuliwa. Hilo ndilo banda lako. Juu yake unaweka ulichokilima kwa mikono yako mwenyewe, hata kama ni vitunguu vitano. Unasimama nyuma yake wima, mikono chini, unangoja mgeni rasmi.

Mgeni rasmi alikuwa baba. Alitoka mlangoni amevaa koti lake la kanisani kana kwamba ametoka mkoani, na sisi tukampigia makofi. Alipita banda kwa banda akiuliza. Mbegu umetoa wapi? Palizi ya pili ulifanya lini? Hawa wadudu uliwafanya nini? Mwisho alitoa hotuba yenye kaulimbiu. Mwaka mmoja kaulimbiu ilikuwa "Mbuzi Afungwe," kwa sababu mbuzi wetu alikuwa amekula maharage ya jirani.

Zawadi ilikuwa firigisi. Mwaka mzima, kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba na hakuna anayeitazama mara mbili. Siku hiyo moja aliitoa kwenye sahani yake na kumpa mshindi, awe wa kiume au wa kike. Dada aliila mara nyingi kuliko sisi wote. Aliitafuna taratibu, akituangalia usoni mmoja mmoja.

Sheria ilikuwa moja tu: usilete cha kununua. Kaka yangu mkubwa aliwahi kuleta kabichi ya sokoni, kubwa kama kichwa cha ndama. Baba akamuuliza aliipandikiza siku gani ya wiki. Kaka akasema Jumapili. Jumapili, katika nyumba ya mzee wa kanisa! Gunia lake lilikunjwa papo hapo, akakaa jikoni analia mpaka chakula kilipoiva. Tangu siku hiyo, mtu akidanganya kitu chochote kwetu tunasema ameleta kabichi.

Baba alifariki nikiwa mbali, Zambia, na nilifika siku ya tatu baada ya mazishi. Baadaye mama alihamia kwa dada, aliyeolewa Mbebe, na maonyesho yakahama naye. Nilisikia kwamba kila mwaka alitandika gunia langu na kuliacha tupu, mwisho wa mstari. Sikuwa nakwenda. Ningeweka nini? Mimi sijalima kitu tangu nitoke nyumbani. Na mama alikuwa na tabia ya kusimama mbele ya gunia lile tupu sawasawa na muda aliosimama mbele ya mengine. Dada aliniambia hilo, na ndilo lililonifanya nisiende zaidi.

Sasa magoti yalikuwa yanamsumbua mama, na alikuwa amechoka kusimama mbele ya gunia tupu. Nilimwelewa.

Tulipofika Mpemba, pale barabara ya Ileje inapochepuka, dereva alishuka kununua ndizi. Nami nikashuka. Mwanamke mmoja alikuwa amepanga maboga chini, na moja lilikuwa la ajabu: kijani kibichi, la duara kamili, zito kama mtoto wa miaka miwili. Nikalinunua. Wakati dereva anabishana bei ya ndizi nilimuuliza yule mwanamke kila kitu kama kawaida yangu, naye akanijibu kila kitu, kwa sababu hakuna anayewauliza wauza maboga habari za maboga.

Isongole tulishusha saruji. Nilinawa vumbi kwenye bomba, nikachukua bodaboda mpaka njia ilipokuwa mbaya, nikamalizia kwa miguu, boga begani, nikiuliza njia. Mzee mmoja alinisalimu kwa Kindali, nikamjibu kwa Kinyiha, tukacheka wote wawili, akanionyesha kwa mkono: "Pale penye kelele."

Kelele zilikuwa za kaka. Alikuwa ametoka Vwawa na mkewe na alikuwa mshereheshaji, gunzi la mahindi mkononi kama kipaza sauti. Aliponiona gunzi likamshuka kifuani. Dada alikuwa nyuma ya karoti zake. Alinitazama kuanzia viatu hadi boga, akanionyesha kwa kidevu tu: mwisho wa mstari, gunia lilikuwa limetandikwa. Nikaweka boga katikati yake, nikasimama wima, mikono chini. Nina miaka thelathini na minne.

"Mabibi na mabwana," kaka akasema kwenye gunzi, "mgeni rasmi anaingia."

Mama akatoka mlangoni. Alikuwa amevaa koti la baba, mikono ya koti imekunjwa mara mbili, fimbo mkononi. Aliniona. Hakuharakisha. Alianza banda la kwanza kama inavyotakiwa, akauliza habari za karoti za dada, za kahawa ya kaka, za vitunguu vya shemeji, mume wa dada, mtu mpole ambaye kwa miaka yote ya ndoa hajawahi kula firigisi. Kisha akafika kwangu.

"Na huyu wa mwisho ametoka wilaya gani?"

"Ametoka Tunduma, mgeni rasmi," kaka akasema.

"Tunduma wanalima nini? Si wanalima malori?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikaona mambo yanakwenda vizuri.

"Ulipanda lini?"

"Desemba, mama."

"Nani?"

"Desemba, mgeni rasmi."

"Wapi?"

"Nyuma ya chumba ninachopanga. Kuna kauwanja chini ya ukuta."

"Likatambaa chini?"

"Chini, mgeni rasmi. Chini kabisa."

Mama akampa dada fimbo. Aliinama polepole, akashika boga kwa mikono miwili, akaligeuza. Akaligeuza tena upande mwingine. Akalipapasa lote kama mtu anayemtafutia mtoto kidonda.

"Boga likilala chini," alisema, akiongea na boga, "upande unaogusa udongo hauoni jua. Unakuwa wa njano, kama kisigino. Kila boga la chini lina pale lilipolalia. Hili ni la kijani kote. Hili halijalala hata siku moja. Lilikuwa linaning'inia."

Kaka alikuwa wa kwanza kusogea. Alishusha gunzi, akaja, akanishika mkono kwa furaha kubwa.

"Kabichi," alisema. "Miaka yote nilikuwa peke yangu. Karibu, mdogo wangu, karibu sana."

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Mama hakucheka.

"Umelinunua?"

"Nimelinunua, mama."

Safari hii hakunisahihisha. Nilijua sheria. Shemeji naye aliijua, akasogea kwa heshima, akainama kushika pembe ya gunia alikunje. Nilitazama vidole vyake. Nilikuwa nimekuja kwa sababu ya kile kitambaa cha katani, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nakikunja.

"Ngoja kwanza," mama akasema. "Umenunua kwa nani?"

"Mwanamke mmoja, pale Mpemba."

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Alisema nini?"

Basi nikasema, na hapo sikuhitaji kutunga. Yule mwanamke ana banda la mbuzi lisilo na mbuzi. Alipanda mbegu tatu ukutani kwake, akaiongoza miche juu ya paa kwa kamba. Maboga yakianza kuning'inia pembeni mwa paa, anayabeba kwa vipande vya kanga kuukuu, kama mtoto mgongoni, anafunga fundo kwenye fito, na kila wiki mbili analegeza fundo kwa sababu boga linanenepa. Anauachia mche mmoja maboga mawili tu. Mengine anayakata yakiwa madogo anapika mboga.

"Fundo anafunga juu au chini ya paa?" mama akauliza.

"Juu. Akifunga chini, maji ya mvua yanafuata kitambaa, kikonyo kinaoza."

"Umesikia?" mama alimgeukia dada. "Kinaoza."

"Nimesikia, mama."

"Yetu hapa yanaoza tumbo kila mwaka," mama akaniambia, "ukungu wa huku haukauki. Kanga, siyo kamba?"

"Kamba inakata. Aliniambia alipoteza mawili kwa kamba."

"Mawili!" Mama alisikitika kweli, kama amesikia habari za msiba. Akauliza mengine mengi. Shemeji bado alikuwa ameinama na pembe ya gunia mkononi, hajui afanye nini, mpaka dada akamwambia, "Mume wangu, achia, mgongo utakuuma."

Akaachia.

"Sikilizeni," mama akasema, akichukua fimbo yake. "Huyu ameleta kabichi. Leo atakula shingo na mchuzi, hata paja asipewe. Boga lipasuliwe lipikwe, ila mbegu zikaushwe. Ni zake. Atapanda hapa, kwa kanga, kama alivyofundishwa. Mwakani nitakuja kuangalia paa."

"Mama, za kupanda ni mpaka mvua. Novemba."

"Ndiyo."

"Sasa ni Agosti."

"Agosti naijua, mwanangu. Kwani leo tunasherehekea nini?"

Walicheka tena. Mimi nilikuwa nahesabu miezi. Tangu nitoke nyumbani sijawahi kukaa mahali ninapojua siku ya kuondoka ni mbali kiasi hicho. Nilitaka kusema kitu kuhusu kazi, kuhusu dereva wa fuso aliyesema nikitaka twende wote Kyela. Mama alikuwa ananitazama, koti likimpwaya mabegani, akingoja kama nilivyosikia alivyokuwa akingoja kila mwaka, ila safari hii mtu alikuwepo.

"Nitalala wapi?" nikauliza.

Nafikiri hilo ndilo jibu alilokuwa analitaka, kwa sababu alikaa. Alikaa chini pale pale kwenye gunia langu, kando ya boga, akanyoosha magoti, akasema, "Ah," kama mtu aliyetua ndoo.

Firigisi alipewa shemeji kwa vitunguu vyake. Alikuwa na aibu hata kuitafuna. Aliikata vipande viwili, kimoja akampa dada, naye dada akakila haraka kabla mumewe hajabadili mawazo.

Jua lilipoanza kulala shemeji alinichukua tukapanda kilima kidogo nyuma ya nyumba. Kulikuwa na chumba kimoja cha matofali mabichi, bati jipya, walichokuwa wakiwekea maharage. Tulihamisha magunia saba kwenye kona, tukafagia, akaleta kitanda cha kamba, godoro la nyasi na mablanketi mawili mazito. "Huku baridi ya Agosti siyo ya mchezo," alisema. Akaleta na kitasa kipya, akakifunga mlangoni taratibu kwa bisibisi, akanikabidhi funguo. Nilimuuliza kitasa hicho alikinunua lini. Akasema kimekaa miaka miwili kabatini, mama ndiye aliyekinunua.

Nikafungua dirisha. Chini lilishuka bonde, halafu vilima vingine, vya bluu, vinavyozidi kufifia.

"Shemeji, ng'ambo ile ni wapi?"

"Malawi," akasema, akikusanya skrubu zilizobaki. Kisha akaniangalia. "Shemeji, usianze."