Mteremko wa Kemondo Bila Tyubu

Mfupa wa mtulinga wangu ulivunjika kwenye mteremko wa kushukia Kemondo, siku ambayo tyubu ya gurudumu la mbele la baiskeli yangu ya mbio ilipasuka nikiwa katika mwendo mkali. Mfupa ulipounga, mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye mwenzangu wa barabarani, alinishawishi nihamie kwenye tairi za tyubulesi. Tairi hizo hazina mpira wa ndani. Huibana rimu zenyewe, na ndani yake hutiwa maji mazito meupe yanayoziba tundu, alimradi gurudumu liendelee kuzunguka. Nilikubali, nikajiwekea sharti: nikishindwa kushuka mteremko ule, baiskeli nitaiuza.

Tulizifunga kwenye karakana moja mtaani Bilele, penye kompresa, mashine ya kujazia upepo. Ukingo wa tairi ulipojibana kwenye rimu ulilia kama bunduki, nami nikajikuta nyuma ya mlango.

"Dada, toka huko. Huo ndio mlio wa kukaa vizuri."

"Na mlio wa kupasuka ukoje?"

Alifikiri kidogo. "Huo huo."

Kesho yake tulishika njia ya Muleba. Katikati ya mteremko ule wa Kemondo, gurudumu la mbele lilikanyaga kitu ambacho sikukiona. Upepo ukaanza kutoka: fss, kimya, fss, mara moja kwa kila mzunguko, na matone ya baridi ya yale maji meupe yakanirukia shingoni. Bega lilikumbuka kabla yangu. Vidole vikazikamata breki. Nyuma yetu lori lilikuwa likinguruma.

"Usisimame, dada," alisema mdogo wangu nyuma yangu, kwa utulivu wa kujilazimisha. "Acha lizunguke."

Aliniomba kinyume cha yote ambayo mwili wangu ulijifunza mahali pale pale. Nikalegeza vidole. Mwendo ukazidi. Nilisikiliza kila fss ikidhoofika, nikiiogopa. Na zilipokoma niliogopa zaidi, kwa kuwa sikujua kama upepo ulikuwa umezuiwa au umekwisha.

Lori lilitupita. Chini, barabara ilipokuwa tambarare, nilisimama nikabonyeza tairi kwa kidole gumba. Ilikuwa ngumu. Tone jeupe lilikuwa limeganda juu ya tundu.

Mtu mmoja aliyekuwa akijiandaa kupandisha baiskeli iliyosheheni mikungu ya ndizi alinitazama, kisha akaitazama fremu iliyotapakaa weupe.

"Pole, waitu, mtu wetu. Baiskeli yako inatoa maziwa. Imezaa lini?"

"Jana, Bilele," alijibu mdogo wangu.

Nilitaka kucheka nao, lakini meno yalikuwa yakigongana. Sharti langu lilitaja kushuka tu. Juu ya hofu halikusema neno. Muleba ilikuwa bado mbali, na miteremko mingine ilikuwa mbele yetu. Nikamwambia mdogo wangu atangulie. Alipokwisha kunipa kisogo, niliibonyeza tairi mara nyingine, ndipo nikapanda.