Mafagio Mawili Juu ya Paa la Bonge

Katika mtaa ule ulio chini ya mlima wa volkano, fundi wa mapaa alikuwa mwanamke, Mama Kenchi. Thubutu umwite fundi wa kike! Atakuuliza: "Kwani mabati yananijua mimi ni nani?"

Kazi aliirithi kwa baba yake, pamoja na woga wake. Mlima ule ulishaua sana. Enzi za bibi yake uliteremsha wingu la moto, likaufuta upande mzima wa mji. Yeye alipokuwa mtoto ulitema majivu tu, watu wakacheka: vumbi hilo! Mvua ikanyesha, majivu yakalowa, yakawa mazito, mapaa yakawaporomokea watu ndani. Babu yake alifia hapo. Tangu siku hiyo baba yake hakuezeka ila paa la mgongo mkali, majivu yateleze yenyewe.

Sasa mdogo wake Mama Kenchi, muuza nyama aitwaye Bonge, akataka paa bapa, eti iko siku atapandisha ghorofa. Dada akakataa katakata. Bonge akaleta fundi mwingine. Wakarushiana maneno, na tangu hapo wakawa hawapikiki chungu kimoja. Mama yao, mgonjwa wa kifua aliyelala kwa Bonge, akageuzwa tarishi: "Mama, mwambie mwanao huyo..." Na huyo mwana amesimama palepale mlangoni! Bibi wa watu alichoka, we acha tu.

Asubuhi moja mlima ukalipuka. Mchana ukawa giza. Mama Kenchi akajifunga kitambaa puani, akabeba mafagio mawili, akaingia kwa Bonge bila hodi. Dari lilikuwa linalia. Mama yao alikohoa chini yake, na kumtoa nje haiwezekani. Hewa yote ilikuwa majivu, angekata pumzi kabla ya kufika barabarani. Mvua nayo ilikuwa inajikusanya.

Bonge alikuwa anapanda ngazi na ndoo ya maji, akaoshe majivu.

"Weka chini hiyo! Unataka kummwagia mama zege?"

Ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu ugomvi. Akamtupia fagio.

Paa lililolemewa hufagiwa na watu wawili. Ukipunguza upande mmoja tu, uzito unalalia wa pili na kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zinakatika. Kwa hiyo kila mtu na upande wake, kutoka katikati kwenda ukingoni, mkiitana ili mwende sawa. Wakatandika mbao juu ya mabati, wakazipigia magoti, wakaanza.

"Vuta!"

"Nimevuta!"

"Polepole, Bonge, utatumbukia ukamwangukie mama!"

"Fagia dada, punguza mdomo!"

Kenchi moja ikalia, kwaa! Wote wakaganda.

"Dada, naogopa."

"Hata mimi naogopa. Vuta."

Wakavuta na kuitana, wakatukanana kidogo, mara Bonge akamkumbusha alivyowahi kukwama juu ya paa la shule, wakacheka huku wakikohoa. Majivu ya mwisho yalidondoka matone yakianza kupiga mabati. Paa likashika.

Wakashuka, weupe kwa vumbi kama waokaji mikate, wakakaa kitandani, huyu huku, yule kule, kila mmoja anatazama ukuta wake.

"Mama, tumemaliza," Bonge akasema. "Paa limepona."

Mama yao akafumbua macho, akamtazama mmoja, akamtazama wa pili.

"Nilikuwa nawasikia," akasema. "Sasa mbona mmenyamaza? Rudini juu."